Megabiti 20 na bado mtandao unaganda jioni: nani apite kwanza?

Swali: "Assalaam aleikum kaka. Nina duka la steshenari Ngamiani, Tanga. Nina kompyuta sita za wateja wanaokuja kujaza fomu za mkopo na za ajira, kutuma barua pepe na kuchapisha. Fundi alinifungia ruta ya MikroTik, nikaanza kuuza vocha za wifi. Laini ni megabiti 20 kushusha na 5 kupandisha. Asubuhi mambo safi. Kuanzia saa kumi na moja jioni vijana wakijaa barazani, fomu zinagoma kupokea viambatisho, simu za WhatsApp zinakatakata, na hata ukurasa mwepesi unazunguka tu. Fundi anasema ninunue megabiti 50. Mwanangu anasema nifunge TikTok. Nifanye lipi? Kamera ninazo nne pia, sijui kama zinahusika."

Waaleikum salaam dada. Kamera zinahusika, tena huenda ndizo mkosaji mkubwa, na nitazifikia. Kwa sasa usinunue 50, na TikTok iache ilivyo. Kwa shughuli ulizozitaja laini yako inatosha. Shida ni kwamba foleni ya pakiti, yaani vipande vidogo vya data vinavyosafiri mtandaoni, inapangwa na kifaa ambacho huna amri nacho.

Kabla fundi hajagusa chochote, pima. Kaa kwenye kompyuta iliyounganishwa kwa waya, fungua dirisha la amri la Windows, andika ping 8.8.8.8 -t na uiache iende dakika chache asubuhi duka likiwa tupu. Rudia saa moja jioni. Namba zinazojitokeza ni milisekunde, yaani muda wa pakiti ndogo kwenda na kurudi. Ukikuta asubuhi ni 30 na jioni 900, endelea kusoma. Ukikuta hata alfajiri, vifaa vingine vyote vimechomolewa, namba zinaruka hovyo, mpigie mtoa huduma. Hakuna foleni utakayopanga Ngamiani itakayotibu ugonjwa ulioko kwake. Kisha pima kwa simu kupitia wifi, safari hii ukiilenga anwani ya ruta yako mwenyewe. Namba zikiwa kubwa hapo, tatizo ni hewa: ruta za majirani zimerundikana chaneli moja na yako. Kwenye 2.4 GHz zisizoingiliana ni tatu tu, ya 1, ya 6 na ya 11. Chagua yenye ruta chache zaidi.

Nachukulia kwamba kwako ni hali ya kwanza, maana dalili ulizoeleza zinaelekea huko moja kwa moja.

Kupandisha megabiti 5 kwa sekunde ni sawa na kilobaiti 625 kwa sekunde, maana baiti moja ni biti nane. Modemu uliyopewa na mtoa huduma ina kumbukumbu ya kuweka pakiti zinazosubiri zamu. Tuseme inabeba hizo kilobaiti 625. Ikijaa, pakiti inayoingia sasa hivi itasubiri sekunde nzima ndipo itoke. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, katika pendekezo lake la G.114 linataka sauti ya simu isizidi milisekunde 150 kwa upande mmoja ili watu waongee bila kuingiliana. Wewe umekwishaizidi mara sita na zaidi kabla sauti haijatoka mtaani kwako.

Na kumbukumbu hiyo itajaa tu, hata ukifanyaje, kwa sababu TCP, utaratibu unaobeba sehemu kubwa ya mafaili mtandaoni, umezoea kuongeza mwendo hadi pakiti ipotee, ndipo upunguze. Tabia hiyo ilitungwa kwa sababu nzuri. Mwaka 1986, huko Marekani, laini kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu cha jirani yake, California Berkeley, iliporomoka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40, kila kompyuta ikirudia kutuma ilichodhani kimepotea. Van Jacobson, mtafiti wa maabara hiyo, akachapisha dawa mwaka 1988: mtumaji asikilize upotevu wa pakiti, auchukulie kuwa ni ishara ya msongamano. Miaka ikapita, kumbukumbu zikawa rahisi, watengenezaji wa modemu wakazijaza tele wakidhani wanatuhisani. Matokeo yake ishara ya kupotea pakiti ikawa haiji mapema. Inakuja baada ya foleni kuwa ndefu kupindukia. Jim Gettys, mtaalamu wa programu, alianza kulipigia kelele jambo hili mwaka 2010, baada ya kuliona kwenye laini ya nyumbani kwake.

Kuna kitu kimoja hapa ambacho mafundi wengi hukiruka. Kupandisha kukijaa, kushusha nako kunakufa. Kila mteja anayeshusha faili lazima arudishe vipakiti vidogo vya kukiri kwamba amepokea. Ili megabiti 20 zishuke zote, vikiri hivyo vinahitaji karibu megabiti 0.4 za kupandisha. Ni kidogo, lakini vikikwama nyuma ya video ya mtu, seva ya upande wa pili inadhani mambo ni mabaya na inapunguza mwendo. Ndiyo maana ukurasa mwepesi unazunguka ilhali upande wa kushusha una nafasi tele. Hapo ukinunua megabiti 50 za kushusha na kupandisha kukabaki palepale, utakuwa umelipia barabara pana inayoishia kwenye mlango uleule.

Aliyewahi kuvuka Pangani kwa pantoni kwenda Bweni anajua kwamba gari la wagonjwa linaweza kuwekwa mbele ya malori yote, lakini kwa sharti kwamba malori yanasubiri ng'ambo hii, mbele ya mtu anayepanga. Yakishaingia ndani ya chombo yakabanana, honi haisaidii. Ruta yako ndiye mpangaji, modemu ndiyo chombo. Kwa sasa ruta inatupa kila kitu ndani ya modemu kwa kasi ya waya wa ndani, megabiti 100 au zaidi, foleni inajengeka huko, na fundi hata akiandika kanuni mia za kipaumbele kwenye ruta hazitafanya kazi yoyote, kwa kuwa kwenye ruta hakuna foleni ya kupanga.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuihamisha foleni. Iwekee ruta kikomo kidogo chini ya uwezo halisi wa laini: kupandisha 4.5, kushusha 17. Uwezo halisi ni ule uliopimwa jioni, si ule ulioandikwa kwenye mkataba. Ikiwa jioni laini inatoa 14 kushusha, weka 12. Najua inauma kuacha megabiti tatu ulizozilipia. Ila kuanzia hapo modemu haijai, pakiti zinasubiri kwako, na wewe ndiye unayeamua nani apite. Upande wa kushusha nimekata zaidi kwa sababu huko udhibiti ni wa kuzungukia: pakiti zimekwishafika, unachoweza ni kuzichelewesha au kuziangusha ili mtumaji apunguze mwendo. Inafanya kazi, lakini si kwa usahihi wa upande wa kupandisha.

Dada, hata usipofanya kingine chochote katika barua hii, kikomo hiki pamoja na foleni ya kisasa ndani yake kitaondoa sehemu kubwa ya malalamiko. Foleni ya kisasa ninayosema ni fq_codel au CAKE. Ya kwanza imeandikwa kwenye RFC 8290, hati ya kiufundi ya intaneti ya mwaka 2018, juu ya kazi ya Kathleen Nichols na huyohuyo Van Jacobson ya mwaka 2012. CAKE iliingia kwenye kiini cha Linux mwaka 2018. MikroTik yenye RouterOS 7, programu inayoiendesha ruta, inazo zote mbili. Yenye toleo la 6 haina, kwa hiyo mwambie fundi aangalie kwanza. Kazi yake ni kutenganisha mazungumzo ya kila kifaa, kuyapa zamu kwa usawa, na kuangusha pakiti zinazokaa foleni muda mrefu bila kungoja kumbukumbu ijae. Kipakiti cha simu kinachokuja kimoja kimoja hakilazimiki kusimama nyuma ya video.

Sasa madaraja, yaani makundi ya kupangia pakiti kwa umuhimu. Nimeona ruta zenye madaraja kumi na tano, kila programu na lake, na aliyeziweka mwenyewe hakumbuki la tisa ni la nini. Kwako manne yanatosha.

La kwanza ni vitu vidogo visivyovumilia kuchelewa: DNS, yaani maulizo ya majina ya tovuti, ambayo hutumia mlango wa 53 (mlango hapa ni namba ya huduma inayoandikwa kwenye pakiti), na simu za sauti. Simu nyingi za intaneti, za WhatsApp mara nyingi zikiwemo, hupita mlango wa 3478 kwa UDP, utaratibu wa kutuma pakiti bila kungoja kukiri. Zoom hutumia UDP 8801 hadi 8810. Sauti hula kidogo sana. Hata simu ya mezani inayotumia kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) nzito ya G.711 inachukua takriban kilobiti 80 kila upande. Lipe daraja hili uhakika, yaani kasi isiyopungua hata laini ikijaa, wa megabiti 1 kupandisha, kikomo 2. Kikomo usikisahau. Daraja la juu lisilo na kikomo ni hatari, kwa sababu siku kikao cha video kitakapoingia humo kitawakausha wengine wote, na aliyekausha ana haki kwa mujibu wa kanuni ulizoziweka mwenyewe.

La pili ni kompyuta zako sita. Hapa ndipo biashara yako ilipo: mteja wa fomu ya mkopo amekaa mbele yako na siku ya mwisho ni leo. Uhakika 1.7, na ruhusa ya kufika 4.5 wengine wakiwa hawatumii. La tatu ni wateja wa vocha: uhakika 1, kikomo 4. La nne ni kamera na apdeti za kompyuta: uhakika 0.6, kikomo 2. Jumla ya uhakika ni 4.3, haivuki 4.5 ya mlango mkuu. Ikivuka, hakuna tena cha kuhakikisha. Upande wa kushusha gawa kwa mtindo huohuo: 1, 6, 8 na 1, vikomo 3, 17, 15 na 5.

Kwenye MikroTik, uhakika huandikwa kwenye limit-at, kikomo kwenye max-limit, na kipaumbele ni namba 1 hadi 8, ambapo 1 ndiyo ya juu. Watu huamini namba hiyo kupita kiasi. Ruta kwanza inampa kila mmoja uhakika wake, kisha ndipo inaangalia kipaumbele ili kugawa kilichobaki. Na haisomi kipaumbele kwenye foleni mama, ile inayobeba nyingine ndani yake, inasoma kwenye foleni za mwisho tu. Kwa hiyo mgawanyo wa uhakika ndio unaofanya kazi nzito. Namba ya kipaumbele inafuata nyuma.

Kuna mtego mwingine: FastTrack. Huwa imewashwa kwenye mpangilio wa kiwandani ili kupunguzia ruta kazi, na pakiti zinazopita njia hiyo ya mkato haziwekewi alama na hazipiti kwenye foleni hizi. Fundi atapanga kila kitu vizuri, hesabu za foleni zitabaki karibu na sifuri, atakwambia ruta ni mbovu. Izime. Kama ruta ni ndogo sana, angalia prosesa isigonge asilimia 100 baada ya kuizima. Kwa megabiti 20 sitarajii.

Utatambuaje pakiti ni ya daraja gani? Hapa nina msimamo, na mafundi wenzangu wengine hawakubaliani nami. Usijaribu kutambua programu. Siku hizi karibu kila kitu kinapita mlango wa 443 kikiwa kimefungwa kwa usimbaji: fomu ya mkopo, YouTube, TikTok, benki. Anayejaribu kuvitofautisha kwa majina ya tovuti atakuwa anakimbizana navyo maisha yake yote. Tambua kifaa. Kompyuta za duka zipe mafungu yao ya anwani, kamera yao, wateja wa vocha yao, na alama zifuate fungu. Isipokuwa hizo DNS na simu, basi. Kuna pia alama za DSCP ambazo pakiti yenyewe hubeba, 46 ikiwa ya sauti, lakini ziamini zikitoka kwenye kifaa chako tu, mfano simu ya mezani uliyoifunga mwenyewe. Programu yoyote inaweza kujiandikia 46, na huko nje kwenye intaneti alama hizo kwa kawaida hazifuatwi.

TikTok basi unaona kwa nini nasema iache. Kijana amenunua vocha yako kwa ajili hiyohiyo. Ukimfungia atahamia kwa jirani, na msongamano utabaki, maana aliyekuwa anaujaza mlango wako wa kupandisha huenda hakuwa anatazama chochote. Simu ikipata wifi hupandisha picha na video zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kijana anatoka Raskazone kuogelea, video nane mfukoni, anakaa barazani anachati, na simu inamwaga video zote kwenye megabiti zako tano bila yeye kujua. Wakiwa watano, hesabu imekwisha.

Kati ya wateja wa vocha wenyewe, gawa kwa mtu, si kwa muunganisho. Anayeshusha gemu anaweza kufungua miunganisho thelathini kwa pamoja, na ruta inayogawa kwa miunganisho itampa mafungu thelathini huku anayesoma habari akipata moja. Kwenye MikroTik kuna foleni aina ya PCQ inayogawa kwa anwani, na CAKE nayo inaweza. Ila CAKE ina kipengele cha kutazama nyuma ya NAT, utaratibu unaofanya vifaa vyote vya ndani vitumie anwani moja ya nje; kisipowashwa, upande wa nje wateja wote wanaonekana ni anwani moja na usawa unapotea kimyakimya. Sipendi mtindo wa kumfungia kila mwenye vocha kilobiti 512 muda wote. Saa nne asubuhi yuko peke yake, laini tupu, anasubiri faili dakika kumi na anaondoka akisema wifi yako mbovu.

Kamera sasa. Kamera moja ya kawaida inayorusha picha kamili kwenda kwenye wingu yaweza kula megabiti 1 au zaidi kwa sekunde, mchana na usiku. Nne ni megabiti 4 kati ya 5 ulizo nazo. Asubuhi hukuliona tatizo kwa sababu kilichobaki kilitosha fomu na barua pepe, jioni hakikutosha. Lakini kuziweka daraja la nne peke yake hakutoshi. Kamera zinazohitaji 4 ukizipa 0.6 zitatoa picha za kukatikakatika, na siku ukiibiwa utaona kofia tu. Upangaji wa foleni hauzalishi megabiti, kwa hiyo punguza kwenye chanzo. Nunua kinasa cha ndani chenye diski, au weka kadi ya kumbukumbu kwenye kila kamera, zirekodi hapohapo dukani kwa ubora kamili bila kugusa intaneti. Kwenye wingu zipeleke vipande vya mwendo tu. Unapotazama kwa simu ukiwa nyumbani, tumia mkondo mdogo. Kamera nyingi zina mikondo miwili, mkubwa wa picha kamili na mdogo wa picha nyepesi. Kama zina H.265, mbinu inayobana video zaidi, iwashe badala ya H.264, na fremu 25 kwa sekunde zishushe hadi 10 au 12. Mtu akiingia dukani kwa mguu ataonekana vizuri tu. Kinasa kifungiwe pasipofikika kirahisi, maana mwizi mjanja huondoka nacho. Hicho ndicho kitu cha kwanza ambacho ningekitolea pesa kabla ya kufikiria kifurushi kipya.

Kompyuta sita za Windows nazo zikianza kujisasisha kwa pamoja saa kumi na mbili jioni ni balaa jingine. Kwenye mipangilio yake kuna sehemu ya kuwekea kikomo cha upakuaji wa masasisho, na nyingine inayoziruhusu zigawiane ndani ya duka ili zisishushe faili lilelile mara sita. Tumia zote mbili.

Baada ya yote, rudi kwenye kipimo chako cha ping saa moja jioni, safari hii ukiwa umemwomba mtu apandishe video kubwa makusudi. Namba ikipanda kutoka 30 hadi 50 au 60, kazi imefanyika. Ikiwa bado inafika mamia, kikomo kiko juu ya uwezo halisi, shusha 4.5 hadi 4.2, pima tena. Kisha fungua ukurasa wa foleni uangalie jioni nzima. Daraja la tatu likigusa kikomo chake mara kwa mara lakini la pili likapumua, hapo uamuzi ni wa kibiashara: vocha zinalipa kiasi cha kununua zaidi, au hazilipi? Daraja la pili likibanwa ndani ya uhakika wake, hapo fundi wako ana haki, ongeza. Na unapoongeza, muulize mtoa huduma namba ya kupandisha kwanza. Vifurushi vingi hutangazwa kwa namba ya kushusha, nyingine imeandikwa kwa herufi ndogo au haijaandikwa.

Fundi afanye kazi asubuhi mapema, kwa waya, na kabla ya kuanza ahifadhi mpangilio wa sasa kwenye faili, nakala moja ibaki kwako kwenye flashi pamoja na nywila ya ruta. Wewe ndiye mwenye ruta. Na siku utakapohamia kifurushi kikubwa, kumbuka kupandisha vile vikomo vya 17 na 4.5 siku hiyohiyo. Wako watu wanaolipia 50 mwaka mzima huku wakimlaani mtoa huduma kwamba anawapa 17, kumbe ni ruta yao wenyewe inayotii kanuni ya zamani.